Kiatu cha Baba Ndani ya Kioo

Katika simulizi iliyopita mliniacha sakafuni, mguu wa mchezaji wetu Tavian Oakes ukiwa juu ya mapaja yangu, nami nikiutazama kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake barabarani na hajui akipeleke wapi.

Kwa asiyekuwapo, nieleze kwa ufupi. Naitwa Maribeth Wininger. Ni mtabibu msaidizi wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Pellham, hapa Indiana, timu inayoitwa Wahunzi. Mchumba wangu aliniacha wakati wa mavuno kwa ujumbe wa simu. Nikarudi kuishi kwa baba. Kisha mkuu wangu, Bi Gail, akalazwa kwa mawe ya nyongo wakati uleule timu ilipoanza kushinda, na kazi yote ikaniangukia mimi, ambaye hata kuagiza kahawa naona haya.

Zamani Wahunzi walikuwa wakubwa. Baba yangu alikuwamo. Walitwaa ubingwa wa kanda kabla sijazaliwa, wakaenda mashindano ya taifa, halafu wakalala usingizi mzito. Nimekua nikiwatazama wakifungwa. Msimu huu wameamka, na imebaki mechi moja tu, fainali ya kanda, Jumamosi, katika ukumbi wetu wenyewe tunaouita Tanuri.

Tavian ndiye aliyetufikisha hapo. Na Alhamisi, nikimfunga mguu kwa plasta, ule utepe wa kukaza kiungo, kabla ya mazoezi, kidole gumba changu kilibonyeza upande wa nje wa unyayo wake, akaacha kupumua.

"Usiseme, dada Beth," aliniambia. "Mpaka Jumamosi tu."

Nilisema.

Nilianza kumwambia yeye mwenyewe. Mfupa ule unaoelekea kidole kidogo ni mwembamba, na damu huufikia kwa shida. Ukiwa na ufa na ukapumzishwa, hupona. Ukirukia juu yake, hukatika, na hapo ni skrubu, magongo, miezi na miezi ya kukaa nje. Wapo wasiorudi tena kama walivyokuwa. Tavian alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesomewa matangazo ya kanisani.

"Kwani hicho kidole gumba chako kina eksirei?" aliuliza.

Nikamwambia hakina, ndiyo maana tunakwenda kwenye eksirei ya kweli, sasa hivi, la sivyo namwita kocha.

Sijui nilipata wapi ile sauti. Alivaa viatu akanifuata.

Daktari Beasley amekuwa daktari wa timu tangu enzi za baba. Ni mzee wa sauti ndogo, mikono yake daima ya moto. Aliitazama picha muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena, akasema iko safi. Hakuna ufa.

Tavian aliruka kutoka kitandani. Alitua kwa mguu mwingine. Mimi niliona, na daktari aliona.

Kijana alipotoka kwenda kumpigia mama yake simu, daktari alifunga mlango. Alisema picha ya aina hii mara nyingi haioni ufa ukiwa mchanga, na kwamba mimi nalijua hilo sawasawa na yeye. Kipimo cha MRI, ambacho kingeuona, kiko mjini Evansville, na nafasi ya karibu ni Jumatatu.

"Basi mzuie, daktari," nilisema.

Alivua miwani akaanza kuifuta, na aliifuta hata baada ya kuwa safi.

"Niliwahi kuamua mara moja juu ya mguu wa kijana," alisema. "Sitaki mara ya pili. Wewe ndiye unayeishika miguu yao kila siku. Amua, nami nitakuunga mkono kwa lolote."

Nilitoka pale nimejaa fahari kidogo, naona ameniheshimu. Ilinichukua hadi Jumamosi kuelewa kwamba alinikimbia.

Kwa Kocha Ransdell nilikwenda nimejiandaa kufokewa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu ndani ya gari, kwa sauti, madirisha yamefungwa. Hakunifokea. Aliniuliza kama nimekula. Alinisikiliza ameegemea meza yake, kisha akasema hatanilazimisha.

"Neno lako ndilo neno, mwanangu," alisema. "Ila usilitoe leo. Litoe Jumamosi kabla ya mechi, umtazame mguu mara ya mwisho. Na nimemwomba baba yako aje azungumze na vijana. Msikilize yeye kwanza, kisha sema."

Niliitikia. Ndivyo ninavyoshindwa siku zote. Watu wakali huniacha nimesimama imara, lakini wapole huniangusha.

Nanyi mkishaishi Pellham mtajua kwa nini alimwita baba. Katika ujia unaotoka chumba cha kubadilishia nguo kwenda uwanjani kuna sanduku la kioo ukutani. Ndani mna kiatu kimoja cha kulia, cheupe kilichogeuka manjano, kimepasuliwa kutoka kwenye kamba hadi kidoleni. Ni cha baba yangu, Merle Wininger. Alicheza nusu nzima ya pili ya fainali ile ya zamani mguu ukiwa umevunjika, akafunga kikapu cha mwisho, na kiatu ikabidi kikatwe kwa mkasi ili mguu utoke.

Kila mchezaji akipita pale hugusa kioo. Msimu ukishaanza hakuna anayeruhusiwa kukifuta. Kufikia Machi kinakuwa na utandu wa vidole hata kiatu hukioni vizuri, na hivyo ndivyo watu wanavyokipenda. Nilipokuwa mdogo, mjomba alikuwa akininyanyua ili nami nikiguse.

Ijumaa mchana mji mzima ulikwisha kujua habari ya mguu. Nadhani aliyesema ni muuguzi wa Daktari Beasley, au labda ni Tavian mwenyewe. Niliingia mkahawa wa Verna kwa ajili ya supu, na Verna akaniletea supu pamoja na kipande cha pai ambacho sikukiagiza. Alinipapasa bega. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana.

Mzee Orville, aliyekuwa na wazee wenzake meza ya pili, alizunguka na kiti chake kunielekea.

"Binti Merle," alisema. "Baba yako alicheza na mguu umevunjika."

"Najua, mzee."

"Nusu nzima ya pili."

"Najua."

"Na kiatu ilibidi wakikate kwa mkasi."

"Najua, mzee Orville. Nakaa naye nyumba moja."

Wakacheka, naye akacheka, na mwenzake mmoja akamwambia amwachie binti wa watu ale. Kisha wakarudi kwenye kahawa yao, na nyuso zao zote zilikuwa na kitu kimoja. Ilikuwa njaa. Wazee wale wamekaa kwenye viti baridi vya Tanuri miaka yote tuliyokuwa tukifungwa. Wengine wake zao wamekufa wakisubiri. Sikuweza kumaliza pai.

Nami nikiri jambo. Nilitaka tushinde kama wao. Nilikwisha kuota ndoto ya ngazi imesimamishwa chini ya kikapu, wachezaji wanapanda mmoja mmoja na mkasi kama ilivyo desturi ya mabingwa, kila mtu anakata uzi wake wa wavu, na Tavian ananishika mkono ananiambia panda nawe, dada. Mimi, nipande ngazi mbele ya watu.

Jumamosi asubuhi nilimfunga baba mguu.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza kila siku, kabla ya kazi yangu. Baba hulala sebuleni, mahali palipokuwa meza ya chakula, kwa sababu ngazi hazipandi tena. Nisipomfunga, hafiki kwenye gari. Mguu wake ulikuwa wa kwanza nilioufunga maishani. Nilijifunzia kwake nikiwa bado shuleni, na mfupa ule wa pembeni naufahamu kuliko uso wangu, uvimbe mgumu kama jiwe lililosahaulika ndani ya soksi.

"Baba, usiende leo," nilisema nikiwa nimeinama, nisimtazame.

Akasema kocha amemwomba.

"Unajua anachotaka useme."

"Naijua hadithi yangu, Beth."

Nilikuwa nimechoka. Sijitetei, nasema tu nilikuwa nimechoka, na neno lilitoka kabla sijalishika.

"Hadithi yako ndiyo hii hapa," nilisema, nikaukandamiza mguu wake kidogo kwa viganja vyote viwili. "Ndiyo hii ninayoifunga kila asubuhi."

Aliomba nimpe soksi ya pili. Alipokuwa akiivaa nilimwona amezeeka ghafla, nikatamani kumeza maneno yangu. Hadithi ile ndiyo kitu pekee alichobaki nacho. Mama alikwisha kwenda, kiwanda alichofanyia kazi kilikwisha kufungwa, lakini popote baba anapoingia katika mji huu mtu humsogezea kiti.

Theluji ya mwisho ilikuwa ikiyeyuka barabarani nilipomwacha. Sikumuaga vizuri.

Alasiri, chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kimya. Juu yetu watazamaji walikwisha kuanza kupiga miguu kwenye mbao za majukwaa, bado saa nzima kabla ya mechi, na vumbi lilikuwa likishuka darini. Nilikuwa pembeni na meza yangu na plasta zangu. Nilikwisha kumbonyeza Tavian kwa mara ya mwisho. Safari hii hakuacha kupumua. Aliuma midomo akaniangalia usoni, akijaribu kutabasamu, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Neno langu lilikuwa tayari. Lilikuwa limekaa kooni tangu asubuhi. Kocha alinitazama, akainua kidole, maana yake subiri.

Baba aliingia amevaa koti lake la zamani la Wahunzi. Mkononi alikuwa ameshika kiatu.

Hakuna aliyekuwa amewahi kukiona nje ya kioo. Alikuwa amemwomba mlinzi wa ukumbi afungue sanduku, na mlinzi, kwa kuwa ni Merle Wininger, alifungua. Vijana waliinuka kwenye mabenchi bila kuambiwa. Baba alikwenda moja kwa moja kwa Tavian akampa akishike.

"Chepesi, siyo?" baba alimwambia.

Tavian akasema ndiyo, chepesi.

Kocha alikunja mikono kifuani. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri wimbo anaoupenda.

"Mnaambiwa nilijua mguu umevunjika, nikachagua kucheza," baba alisema. "Nimewaacha watu waseme hivyo maisha yangu yote, kwa sababu inapendeza masikioni. Sikujua. Wakati wa mapumziko niliambiwa umeshtuka tu. Nikachomwa sindano ya ganzi, nikarudishwa uwanjani. Hakuna aliyeniuliza kitu."

Miguu iliendelea kupiga juu. Chini hakuna aliyesogea.

"Nani alikwambia umeshtuka tu, mzee?" Tavian aliuliza.

Baba alikitazama kiatu mkononi mwa Tavian. Nadhani asingemtaja mtu hadi kesho. Lakini sauti ndogo ilitoka mlangoni nyuma yetu.

"Mimi," alisema Daktari Beasley. "Na nilijua umevunjika."

Alikuwa amesimama na mkoba wake, kofia mkononi. Baba hakugeuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwake haikuwa habari mpya. Watu hawa wawili husali kanisa moja. Kila Jumapili hupeana mikono mlangoni, baba na mguu wake na daktari na mikono yake ya moto, na kila mmoja anajua mwenzake anajua.

Nilimtazama kocha. Alikuwa akitazama sakafu, mikono imemdondoka.

"Binti yangu anajua kitu juu ya mguu wako," baba alimwambia Tavian. "Ameushika mguu wangu miaka mingi, hakosei. Msikilize."

Kisha akanitazama mimi, mara moja tu, haraka, kama anayeona haya. Na hii haya yangu nimeitoa kwake, sasa nimejua. Macho yalinijaa machozi. Nilidhani mambo yamekwisha. Nilidhani misukosuko yangu yote, ya mavuno, ya Bi Gail, ya wiki hii, imefika mwisho wake pale.

Tavian alikigeuza kiatu. Aliingiza vidole kwenye ule mpasuko, akaupima urefu wake.

"Kwa hiyo wewe hukuambiwa," alimwambia baba.

"Sikuambiwa."

"Mimi nimeambiwa. Dada Beth ameniambia kila kitu, mpaka skrubu."

Baba aliutazama mguu wa kijana.

"Basi mimi siyo wewe, mzee," Tavian alisema, na alisema kwa heshima, hata sauti hakuipandisha. "Wewe walikudanganya. Mimi nachagua. Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Mama yangu ametoka mji wa Gary kwa basi, hajawahi kuniona nikicheza ndani ya ukumbi huu, na sasa hivi yuko hapo juu. Dada Beth ananiambia Jumatatu, Jumatatu. Tukifungwa leo mimi sina Jumatatu."

Akapanda juu ya meza yangu. Akaunyoosha mguu, kiatu cha baba bado kimo mkononi.

"Nifunge, dada," alisema.

Nilikuwa na plasta mkononi. Nimemfunga kijana huyu kila siku tangu majira ya baridi yaanze. Huwa ananitania kwamba nina mikono ya mwoka mikate. Mikono yenyewe ilianza kusogea, maana imezoea, na ikabidi niizuie.

"Hapana," nilisema.

Hakuna aliyesikia, kwa zile kelele za juu. Ikabidi niseme tena, na mara ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu wote wamegeuka.

"Hapana. Huchezi."

Tavian hakunikasirikia. Alinitazama kama mtu anayemtazama rafiki aliyemfungia mlango wakati wa mvua. Kisha akamgeukia kocha, na vijana wote wakamgeukia kocha, na kocha, aliyeniahidi kwamba neno langu ndilo neno, alitazama mlangoni.

"Daktari," alisema. "Wewe upo hapa. Unasemaje?"

Nilitaka kumkumbusha kocha ahadi yake. Nilimtazama Daktari Beasley na nikamwonea huruma, Mungu anisamehe. Alikuwa ameniachia mimi uamuzi ili usimfikie, na sasa ulikuwa umemzunguka ukamkuta mlangoni, mbele ya Merle Wininger na kiatu chake.

Alitundika kofia. Alikuja hadi kwenye meza yangu, akaketi kwenye kiti changu, akaupokea mguu wa Tavian juu ya goti lake.

"Tokeni nje," alisema. "Wote."

Vijana walianza kutoka. Kocha akatoka. Mimi nilibaki nimesimama.

"Nawe pia, Maribeth."

"Neno langu halijabadilika, daktari."

"Nimelisikia," alisema. Alinyoosha mkono bila kunitazama, nami nikampa plasta. Sijui kwa nini nilimpa. Mtu mzima akinyoosha mkono, mimi hutoa.

Mlango ulifungwa nyuma yangu.

Ujiani vijana walikuwa wakipita mbele ya sanduku la kioo. Kila mmoja aliinua mkono kugusa, akaona ndani hamna kitu, akaushusha. Baba alikuwa amesimama pale, uzito wote kwenye mguu mzima. Alisubiri wa mwisho apite. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akapulizia pumzi kwenye kioo, akaanza kukifuta.

Nilimwambia baba, msimu bado haujaisha.

Aliendelea kufuta.

Hapo ndipo nilipoisikia, nyuma ya mlango. Sauti ninayoijua kuliko jina langu, ile ya plasta ikivutwa kutoka kwenye gurudumu lake, ndefu, kavu, kisha ikichanwa. Mara moja. Mara nyingine tena.

Plasta hufungwa mguuni ili mtu aruke. Hufungwa pia ili mguu usisogee kabisa. Ukiwa nje ya mlango, sauti ni ileile.

Baba aliacha kufuta. Naye alikuwa akisikiliza.

Nilishika kitasa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.